Ukurasa wa Tarehe Kumi na Nne

Mimi ni mjalidi wa vitabu. Wengi hawaijui kazi hii, na nikiwatajia huniangalia kana kwamba nimewatajia ugonjwa. Nashona vitabu vilivyochanika, navipa mgongo mpya na jalada jipya, kisha wenyewe wanakuja kuvichukua na kulalamika kwamba vimekuwa vizito. Mtaani wananiita Gundi. Nimezoea.

Kitabu ninachotaka kukieleza ni cha mama yangu, na nimekijalidi mara nne. Ni kitabu cha ibada za asubuhi, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka, kilichoandikwa na mhubiri ambaye watu wote walimwita Mtumishi, utadhani watumishi wengine wa Mungu walikuwa wamekwenda likizo. Mama alikipata nikiwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo kila asubuhi alisoma ukurasa wa siku ile, na akimaliza anaandika pembeni kwa penseli, mwaka na jambo moja tu: nani kazaliwa, nani anaumwa, mvua imekataa, mimi nimefeli hesabu. Miaka ikapita, pembeni pakajaa. Kwa hiyo kitabu kile katikati ni cha Mtumishi na pembeni ni cha mama, na mimi niliyekishona nasema hakuna mkasi wa kuwatenganisha.

Miaka mitatu iliyopita macho ya mama yalizima. Kazi ya kusoma ikaniangukia mimi, maana ndimi mtoto niliyebaki nyumbani, mke sina, na sauti yangu, mama anasema, ni ya mtu anayetangaza msiba lakini angalau inasikika. Utaratibu ni wake na haubadiliki. Kwanza Maandiko. Kisha ukurasa wa siku. Kisha maneno yake ya pembeni, mwaka kwa mwaka, yote. Kisha anatamka sentensi ya leo, naiandika kwa penseli, halafu ni lazima nimsomee nilichoandika, kwa sababu mama hajawahi kumwamini mtu anayemshikia kalamu. Baada ya hapo ndipo anameza dawa. Kabla ya hapo hamezi, hata daktari aje na polisi.

Sasa, sipendi wale wasimuliaji wanaoficha jambo mpaka mwisho ili waonekane hodari. La kwangu nalisema hapa hapa.

Mdogo wangu, ambaye mama anamwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba wetu, alikwenda kufanya kazi kwa Mtumishi akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mpiga taipu wake, na alipewa chumba cha uani huko huko nyumbani kwa Mtumishi. Mama ndiye aliyeandika barua ya kumwombea ile kazi, na jibu lilipokuja alilibusu. Mwaka ulipotimia, Kitinda akarudi nyumbani bila kuaga mtu. Alinikuta karakanani nimeinamia kitabu. Akasimama karibu na kibanio cha kukandamizia vitabu, akasema, "Kaka, Mtumishi hanifanyii vizuri."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwajiri gani anamfanyia mtu vizuri? Mimi jana fundi mkuu kanirushia nyundo." Naye akacheka kidogo. Jioni mama akamwambia asiwe mtoto asiye na shukrani. Kesho yake nikambebea begi mpaka kituo cha mabasi, nikampa pakiti ya biskuti, nikampungia mkono. Alikaa huko mwaka mwingine na nusu, kisha akaenda mji wa mbali akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na huko ndiko aliko mpaka leo. Hakuolewa. Nyumbani alikuwa anakuja siku mbili, tatu, kisha anasema mashuka yanamsubiri.

Miaka ishirini na mitano baadaye Mtumishi akafa, akazikwa kwa nyimbo na maua mengi. Hata mwezi haujaisha, mwanamke mmoja akazungumza redioni. Akafuata wa pili. Mpaka wiki inakwisha walikuwa saba, wote waliwahi kufanya kazi kwake wakiwa wasichana. Mimi nilikuwa karakanani na sindano mkononi, nasikiliza nusu nusu kama mtu anavyosikiliza redio akiwa kazini, mpaka mmoja wao aliposema, "Alikuwa anakuja chumba cha uani." Nikaketi chini, kwenye vipande vya karatasi. Nina miaka hamsini na sita na sikumbuki mara ya mwisho kuketi chini vile.

Siku mbili baadaye Kitinda akafika. Alikuwa ameomba likizo ya mwezi mzima aje anisaidie kumuuguza mama, na likizo hiyo aliiomba kabla ya hayo ya redioni. Alinikuta kwenye kizingiti cha jikoni. Hata begi hakuliweka chini.

"Umesikia redioni?"

"Nimesikia."

"Mama je?"

"Bado. Redio yake nimetoa betri."

Akatikisa kichwa. "Usimwambie. Daktari kasema ni miezi, basi aende na amani yake. Sitaki aondoke na hilo kifuani."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kumwogesha mama," akasema, akapita.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kitu. Nilisimama na mikono yangu miwili, nikaona jiko, nikasema nitachemsha maji.

Kwa hiyo asubuhi zetu zikawa hivi. Mimi naketi kando ya kitanda cha mama na kile kitabu. Kitinda yuko jikoni, ukuta wa mbao mmoja tu katikati, anaosha vikombe vya chai. Namaliza Maandiko, nafungua ukurasa wa Mtumishi, na neno la kwanza linaponitoka tu, bomba la jikoni linafunguka mpaka mwisho. Linabaki wazi mpaka niseme amina. Mama akawa analalamika kwamba Kitinda anapoteza maji. Mimi nikawa nasoma kwa sauti ndogo, mama ananiambia nipaze, napaza, na bomba halina pa kufunguka zaidi.

Nilijaribu. Nisionekane nilikaa tu. Siku ya kwanza nilichukua kitabu kingine cha ibada kutoka rafuni, nikaanza kusoma kwa ile ile sauti yangu ya msiba. Sentensi ya pili haikuisha.

"Hayo si ya leo," mama akasema. "Ya leo ni yule mama aliyepoteza ufunguo. Gundi, unanipiga chenga mimi?"

Siku ya pili nilimwambia kitabu kimefumuka, nimekipeleka karakanani. Akasema pole, akafumba macho, akaanza kuutamka ukurasa wa siku ile kwa kichwa, neno kwa neno, na jikoni bomba likafunguka. Siku ya tatu nilikirudisha.

Nikashindwa kumchukia mama, na nikashindwa kukichukia kitabu. Hili nalisema kwa aibu. Kurasa nyingine za Mtumishi ni nzuri. Baba alipofariki, mimi na mama hatukuwa na neno la kuambiana, tukasoma ukurasa wa siku ile na tukaweza kula. Nimeshona maelfu ya vitabu vya watu wema ambavyo havijawahi kumsaidia mtu hata kupata usingizi. Sasa nifanye nini na hilo?

Kanisani nao walikuwa wanajiuliza. Kikundi cha wasomaji, kile kinachokutana Alhamisi alasiri kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu, kilikuwa kinakitumia kitabu hicho hicho kwa miaka, na kabati lao lilikuwa na nakala arobaini na moja. Mchungaji wetu akaitisha kikao baada ya ibada. Ni mtu mpole, mwenye kikohozi kinachomjia kila anapotakiwa kuamua.

"Dawa ni dawa," alisema, "hata kama aliyeichanganya alikuwa mlevi. Kama neno ni la kweli, ni la kweli."

Mama Kwaya, ambaye ni rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana na ndiye anayeongoza kile kikundi, hakuinuka hata kitini. "Mchungaji, chupa ya dawa haina picha ya mlevi nyuma, anatabasamu."

"Lakini tukianza kupima waandishi, tutabaki na nini? Hata kwenye Maandiko kuna mfalme aliyechukua mke wa mtu akamuua mumewe. Nyimbo zake tunaziimba."

"Yule aliambiwa, akalia, akakubali. Wetu huyu kaambiwa na nani? Kazikwa na maua, na mimi mwenyewe nilipeleka."

Mwalimu mstaafu akasema kila msomaji aiulize dhamiri yake. Mwingine akasema tukate ile picha ya Mtumishi iliyo nyuma ya jalada na jina lake, tubaki na maneno. Mwingine akauliza kama anayesoma bila kujua anapata baraka ile ile na anayesoma akijua. Walizungumza saa mbili nzima kuhusu vitabu. Wale wanawake saba walitajwa mara moja, mwanzoni, kwenye sala. Kisha mchungaji akakohoa, akanigeukia. "Fundi, wewe unaishi na vitabu. Unasemaje?"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema, na halikuwa la vitabu. Nikasema, "Ushonaji wa kitabu kile ni imara."

Walicheka. Huwa nawachekesha watu, hiyo ndiyo sifa yangu. Kikao kikaamua kuunda kamati, kamati ikaamua kuomba kwa miezi mitatu, na nakala zote arobaini na moja, kwa sababu hazingeweza kukaa kanisani wala kutupwa, zikaamuliwa zihifadhiwe karakanani kwa Gundi.

Ndipo Kitinda alipokuja kuniletea chai mchana akavikuta. Nilikuwa nimevipanga ukutani, migongo ikiangalia nje, kwa mazoea tu ya kazi. Akaweka kikombe kwenye meza. Akachukua kimoja, akakigeuza, akaitazama ile picha ya nyuma kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa kijana hapa," akasema.

"Vinaondoka. Wanasubiri kamati."

"Wakati ule alikuwa anaandika kingine. Anaandika asubuhi, mchana ananipa mimi nipige taipu." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayehesabu mashuka. "Unajua kinachoniudhi, kaka? Maneno yalikuwa mazuri. Napiga taipu, na mengine yananiingia mpaka natokwa na machozi. Kisha jioni inafika. Ningependa sana yawe maneno ya hovyo. Ningekuwa na kitu cha kushika."

Nikanywa chai, ikaniunguza.

"Nikikuuliza jambo utanijibu?"

"Nitakujibu."

"Siku ile nilipokuja hapa nikasimama pale." Akaonyesha kibanio, kimekaa pale pale miaka yote. "Ulinielewa?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile na nitakufa nalo. Sikuelewa. Au nilielewa kidogo, kiasi cha mtu kutaka kucheka haraka ili kisiendelee. Ukweli ni huo wa pili. Nilichomjibu ni hiki: "Nilikuwa na kazi nyingi siku ile."

Akakirudisha kitabu kwenye rafu, akakisawazisha kilingane na vingine. "Ndiyo," akasema. "Ulikuwa na kazi nyingi." Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza, akaenda zake.

Wiki iliyofuata ilikuwa na tarehe kumi na nne.

Tarehe hiyo mimi naijua, kwa sababu nimeisoma miaka mitatu mfululizo. Kitinda haijui, tangu ahamie mji wa mbali hajawahi kuwa nyumbani siku hiyo, na maneno ya pembeni hayajui. Katikati, Mtumishi anaandika juu ya woga wa usiku. Pembeni, kwa mwandiko wa mama wa zamani uliosimama wima, kuna mistari miwili. Wa kwanza: *Kitinda ameanza kazi kwa Mtumishi. Asante, Bwana, umenisikia.* Wa pili, mwaka mmoja baadaye: *Kitinda karudi bila ruhusa, anasema hataki. Mpe moyo wa utii. Gundi amempeleka kituoni.* Na chini yake, miaka mingi, maneno mawili tu yanayojirudia: *Siku ya Kitinda.*

Niliwaza, mimi ni fundi. Ninachoweza kukifanya duniani ni kitabu, basi nikifanye. Nikakileta karakanani mchana wa tarehe kumi na tatu, mama akiwa amelala, nikachukua kisu kikali nikaufungua ukurasa ule. Kisha nikageuza. Nyuma ya kumi na nne kuna kumi na tano, karatasi ni ile ile moja, na kumi na tano ndiyo siku aliyofariki baba. *Leo saa nne baba yao ametangulia. Mtumishi anasema kilio nacho ni sala. Nimelia.* Penseli pale imefifia kwa vidole vya mama. Mpaka leo hupapasa mahali pale kama anayetafuta kifungo. Nikitoa siku ya Kitinda, natoa siku ya baba. Nilikaa na kile kisu mpaka mkono ukafa ganzi.

Nikakiweka chini. Nikakoroga gundi nyepesi ya unga wa ngano, nikakata karatasi nyembamba, nyeupe, sawasawa na ukurasa, nikaibandika juu ya tarehe kumi na nne. Kumi na tano ikabaki salama upande wa pili. Mpango wangu ulikuwa huu: asubuhi nitaketi, nitausoma ukurasa wa Mtumishi, nilioukariri, kwa kichwa kwa sauti ya chini, maana mama angegundua nikibadilisha, na yale ya pembeni nitayameza. Nitasema, mama, penseli imefutika. Na mtu yeyote akifunua, ataona nyeupe. Nilijiona nimefanya jambo. Nilikibana dakika kumi tu badala ya saa sita, kwa sababu mama alikuwa ameamka na kukiulizia. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza.

Asubuhi ya kumi na nne mama aliamka mchangamfu. Tulimwegemeza kwenye mito miwili. Kitinda alikuwa amemsuka nywele jana yake, nywele nyeupe chache, na mama alikuwa anazigusa na kujisifu kwamba sasa anaweza kuposwa. Nikamsomea Maandiko. Nikasikia vikombe jikoni. Nikafungua kitabu.

"Ngoja," mama akasema. "Leo si kumi na nne?"

"Ndiyo, mama."

"Basi leo ni siku ya Kitinda. Miaka yote nasoma siku yake mwenyewe hayupo. Mwite asome yeye."

"Mama, Kitinda ana kazi jikoni."

"Vikombe vitatu hivyo anaviosha tangu alfajiri? Kitinda." Sauti ilikuwa ndogo lakini ukuta ni mbao. "Kitinda, mwanangu, njoo unisomee."

Bomba lilikuwa halijafunguliwa bado. Kisha akaja, anajifuta mikono kwa kanga, akasimama mlangoni, akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa, kumaanisha asije. Sijui aliona nini kichwani mwangu. Akaja, akaketi mahali pangu, nikampa kitabu kwa sababu alikuwa amenyoosha mkono.

Akaona nyeupe. Akapitisha kidole juu yake. Unyevu ulikuwa bado umo, pembeni karatasi ilikuwa imeinuka kidogo kama ukoko wa kidonda. Aliinua macho, akaniangalia, na nikajua amejua ni kazi ya nani. Kisha akaanza kuibandua. Aliibandua polepole kwa ukucha, kuanzia kona ya juu, bila kuchana. Anafanya kazi safi, mdogo wangu.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Kurasa zimegandana, mama."

Akasoma. Sauti yake haikutetemeka, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kama angetetemeka ningemnyang'anya kile kitabu. "*Ukisikia hatua nje ya mlango wako usiku, usiogope,*" akasoma. "*Anayekuja ni yule anayekupenda. Mfungulie.*" Mama alikuwa anayafuata kwa midomo, hatua kwa hatua, macho yamefumbwa, uso umetulia. Kitinda akasoma mpaka chini. Hakuruka hata neno moja. Alijikaza kisabuni kama anavyojikaza mtu anayejua kufua damu za watu wasiomhusu, na mimi nilisimama miguuni pa kitanda nimeshika ubao wake kwa mikono yote miwili.

"Na ya pembeni," mama akasema.

"Yapi ya pembeni?"

"Ya kwangu. Ya penseli. Yote."

Akainamisha kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. "*Kitinda karudi bila ruhusa, anasema hataki. Mpe moyo wa utii. Gundi amempeleka kituoni.*" Akausoma kwa sauti, kisha nikaona midomo yake ikiurudia bila sauti.

"Unaona?" mama akasema. "Ulikuwa unataka kuacha kazi. Nikakuombea."

"Ndiyo, mama."

"Sikukuombea vibaya?"

Niliomba aseme. Pale niliposimama niliomba aseme, mara moja, kwa sauti yoyote, ili mimi nisiwe na lolote la kufanya. Kitinda alimwangalia mama, zile nywele alizomsuka mwenyewe, na mkono uliokuwa unapapasa shuka ukitafuta wake. Akampa mkono.

"Ulikuwa hujui, mama," akasema.

Mama akaridhika na jibu hilo. Alilichukua kama mtu anavyochukua asante. "Haya, shika penseli. Gundi, mpe penseli. Andika mwaka, halafu andika: Kitinda amesoma mwenyewe. Asante, Bwana, kwa Mtumishi aliyenilelea mwanangu."

Nilimpa penseli. Vidole vyake vilikuwa baridi na vimekunjamana kwa maji. Akaandika, na kuandika kwake hakukuchukua muda wa sentensi mbili za mama. Akaweka nukta.

"Nisomee ulichoandika."

"Kaka atakusomea," Kitinda akasema. "Mimi macho yamechoka."

Akanigeuzia kitabu. Chini ya mistari yote ya mama, kwa mwandiko mdogo wa mpiga taipu, kulikuwa na mwaka huu na maneno haya: *Nilimwambia kaka. Kaka alicheka.*

Niliyasoma. Niliyasoma tena. Kitinda hakuwa na hasira usoni, na hakuwa ananisihi. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri karibu na kibanio. Ni yeye aliyeniambia mama asiambiwe. Ni yeye aliyeandika. Sikujua anataka nini kwangu, na mpaka leo sijui, na sina ujasiri wa kumuuliza.

"Gundi," mama akasema. "Umelala?"

Nikafungua mdomo. "*Kitinda amesoma mwenyewe,*" nikasema, nikiangalia ule ukurasa. "*Asante, Bwana, kwa Mtumishi aliyenilelea mwanangu.*"

"Amina," mama akasema, akafungua mkono apewe dawa. Alimeza vidonge vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. "Umeona? Kitinda anaandika kama mtu anavyotamka. Wewe huwa unanipunguzia."

Kitinda akachukua kikombe mkononi mwa mama. Akaichukua na ile karatasi nyeupe aliyoibandua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati langu kwa upole. Kisha akaingia jikoni, na nikasikia bomba likifunguka mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyekuwa anasoma.